Anaona Njia, Haoni Uso

"Anaona huyo, anajifanya tu." Maneno haya nimeyasikia kituoni, msibani, benki na hata kwenye korido za hospitali, yakisemwa juu ya watu ambao macho yao yameharibika kweli. Msemaji huwa na ushahidi wake. Si huyu huyu aliyelikwepa dimbwi pale barabarani? Si juzi tu aliokota sarafu chini bila kusaidiwa? Iweje leo ashindwe kusoma jina lake kwenye karatasi, au ampite jirani wa miaka 20 bila hata salamu?

Kwetu mtu ama anaona ama ni kipofu. Kipofu tunamjua: ana fimbo, ameshikwa mkono na mtoto, macho yake yametulia mahali pamoja. Asiyekuwa hivyo tunamhesabu kuwa anaona, na akisema haoni tunaanza kumchunguza. Lakini wapo watu wengi waliopoteza uoni wa katikati peke yake, wakabakiwa na wa pembeni. Hao wanaishi kati ya hali zote mbili, na nusu ya mzigo wao tumewatwika sisi, kwa kuwataka kila siku wathibitishe kwamba hawadanganyi.

Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, utazame ukucha wake. Eneo unaloliona kwa ukali kamili, ule ukali wa kusomea, halizidi sana upana wa ukucha huo. Vingine vyote, dirisha, meza, mtu aliyeketi kando, unaviona kwa ukungu. Hujawahi kuliona hilo kwa sababu jicho halitulii. Linaruka huku na huku mara kadhaa kwa sekunde, na ubongo unaunga vipande. Ukitaka kuhakikisha, kazia macho neno moja hapa, kisha, bila kuyahamisha, jaribu kusoma safu ya jirani ya ukurasa huu.

Ukali huo unatoka kwenye sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Madaktari huiita makula. Upana wake ni takriban milimita 5, na kitovu chake, ambako uoni ni mkali kuliko kote, hakifiki milimita 2. Hapo ndipo zimesongamana seli zinazotambua rangi na vitu vidogo. Retina iliyobaki, ambayo ni kubwa mara nyingi zaidi, inashughulika na mwendo, mwangaza hafifu na mambo ya kando. Hiyo ndiyo inayomwepusha mtu na dimbwi. Makula ikifa, mtu anabaki na njia, mlango, kochi na gari linalokuja. Anapoteza uso, herufi, tundu la sindano na namba iliyoandikwa kwenye noti.

Nina shangazi Korogwe ambaye uzee umempitia macho yote mawili. Ukimkuta uani utamwona anafagia, anaanua nguo, anafukuza kuku wasiingie jikoni, na hutashuku kitu. Mpe ungo wa mchele achambue. Ukingo wa ungo anauona wote, na mikono yake anaiona. Vijiwe vilivyo katikati ndivyo havipo. Wengi hudhani mtu wa namna hii anaona doa jeusi mbele yake, na wapo wanaoliona, lakini mara nyingi ubongo hauvumilii pengo. Hulijaza kwa rangi ya kilicho jirani. Kwa hiyo anachokiona shangazi pale ni mchele mweupe, safi, usio na kijiwe hata kimoja. Akigeuza uso kidogo kuelekea banda la kuku, kana kwamba anasikiliza kitu, kijiwe kinajitokeza. Akirudisha macho ili akishike, kimetoweka. Wali wake ulipoanza kuwa na changarawe, wakamwana walisema mama amekuwa mvivu.

Sasa mtoe uani, mpeleke kwenye watu. Kwetu mdogo ndiye anayemwanza mkubwa kwa shikamoo, na asiyeanza ana jeuri. Lakini ili umwanze mtu lazima umjue ungali hatua kadhaa mbali naye. Binti aliyeolewa juzi, ambaye makula zake zimekufa, anamwona mama mkwe akija: anaona kanga, anaona mwendo, anaona mtu mzima. Uso haupo. Akisema shikamoo kwa kila kanga inayopita atachekwa. Akinyamaza siku moja mbele ya aliyepaswa kuamkiwa, maneno yatafika ukweni kabla yake. Nimesikia ndoa zikitikiswa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na akikutambua kwa sauti, mkasimama kuzungumza, utakwazika tena kwa sababu hakutazami. Macho yake yako kwenye sikio lako au juu ya bega lako. Unajiambia ana jambo anakuficha, au ameshachoka nawe anatafuta wa kumwokoa. Kumbe hapo alipoyaelekeza ndipo anapokuona vizuri kuliko kote. Akikutazama usoni moja kwa moja, kwa adabu kama alivyofundishwa tangu utotoni, anakufuta.

Tena tuna ule mchezo wetu wa kumshika mtu mkono, kutabasamu na kumuuliza, "Haya, niambie, mimi nani?" Watu wazima kabisa wanaufanya, na wanaufanya hata kwa wazee wa miaka 80. Sijui nani aliuanzisha. Kwa mwenye macho mazima ni utani wa dakika moja. Kwa asiyeona nyuso ni mtihani wa hadharani, na akishindwa anaambiwa amesahau watu.

Macho haya yanaharibiwa na mambo mengi, na si yote ya uzeeni. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kuchakaa kwa makula kwa sababu ya umri ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba Ulaya unapiga zaidi, lakini utafiti mkubwa uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta takriban mmoja katika kila kumi ana dalili za mwanzo, na kama mmoja katika mia ameshafika hatua za mwisho. Sigara huuongeza sana. Kisukari nacho kina njia yake: mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inavuja, makula inavimba. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 25 na 64 wana kisukari, na wengi wao hawajawahi kutazamwa nyuma ya jicho hata mara moja.

Kuna wanaougua wakiwa watoto. Ugonjwa wa Stargardt, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1909, ni wa kurithi na huanza mara nyingi mtoto akiwa shuleni. Mwalimu anadhani amekuwa mtoro wa akili. Mtoto mwenye ualbino naye huzaliwa na kitovu cha makula ambacho hakikukomaa, ndiyo maana hata akiketi dawati la mbele kabisa bado ubao unampiga chenga. Miwani humsaidia kiasi, haimpi kilichokosekana. Kofia na mafuta ya kukinga jua tumejifunza kuwapa watoto hawa. Maandishi makubwa bado tunayasahau.

Kisha kuna sumu. Ethambutoli, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu huanza nazo, inaweza kwa watu wachache kudhuru neva ya jicho, na neva hiyo huanza kufa kwenye nyuzi zinazohudumia katikati. Dalili ya mapema ni rangi kufifia, hasa nyekundu na kijani. Mgonjwa akiona hivyo arudi kliniki haraka, wala asiache dawa kimyakimya nyumbani. Pombe haramu yenye methanoli hufanya kazi hiyo kwa siku mbili tatu: Nairobi, Novemba 2000, ilizika zaidi ya watu 100 na wengine wakabaki bila macho. Na jua lenyewe huunguza makula ya anayelikodolea. Wanaokumbuka umati uliokusanyika Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kutazama kupatwa kwa jua watakumbuka pia vijana waliokuwa wakitazama kupitia vipande vya filamu za eksirei. Kupatwa kwingine kukubwa ni tarehe 2 Agosti 2027. Njia yake kamili itapita Misri na Saudia, Makka ikiwemo, na ndugu zetu walioko huko wajitayarishe na miwani maalumu, si ya urembo.

Lakini kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha kwetu kabisa, na wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kukisikia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho wa jiji hili walianza kupokea vijana, baadhi wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, wenye malalamiko ya aina moja. Ndani ya wiki chache uoni wa katikati ulikuwa umefifia kwenye macho yote mawili, bila maumivu, bila wekundu, bila kujikwaa popote. Rangi ziliisha. Wengine walilalamika pia miguu kuwaka moto, wengine usikivu kupungua. Miwani haikuleta tofauti. Makula ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni nyuzi za neva zinazotoka hapo kwenda ubongoni. Wagonjwa waliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa ukaingia kwenye majarida ya kitabibu ya dunia kwa jina la Tanzania.

Watafiti waliowalinganisha wagonjwa na watu wengine walikuta upungufu wa foleti, vitamini ya kundi B inayopatikana kwenye mboga za majani, maharage na kunde. Ukitafakari maisha ya kijana wa mjini utaona jinsi inavyowezekana: chai ya rangi na andazi asubuhi, chipsi mchana, ugali wa sembe jioni na kijisamaki. Tumbo limejaa, neva ina njaa. Cuba ilipita njia hiyo kwa kishindo zaidi. Umoja wa Kisovieti ulipoanguka na misaada kukatika, kati ya mwaka 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 kisiwani humo waliathirika neva, wengi kwa kupoteza uoni wa katikati. Serikali iligawa vidonge vya vitamini B kwa raia wote, na mlipuko ukatulia. Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga na mafuta mwaka 2011, na foleti imo. Ila sembe ya viwanda vikubwa ndiyo inayorutubishwa. Mashine ya kusaga ya mtaani, anakosagisha maskini, bado inatoa unga mtupu. Kama ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja bungeni kuhusu macho, ningeuliza hilo.

Nirudi kwa shangazi. Jioni moja alimwambia binti yake, kwa sauti ya chini, kwamba kuna watoto ukutani. Wamevaa sare za kijani, wamepanga mstari, hawasemi kitu. Alikuwa amewaona kwa muda mrefu na kunyamaza. Nyumba ililipuka. Mmoja akataka aitwe shehe asome, mwingine akataja mganga wa Handeni, wa tatu akanong'ona kwamba akili ya mama imeondoka. Mwenyewe alikuwa ametulia kuliko wote. Alijua hawapo. Alichoogopa ni sisi kujua.

Jambo hili lilikwisha kuandikwa mwaka 1760 na Charles Bonnet, msomi wa Geneva, baada ya babu yake aliyekaribia miaka 90, mwenye akili timamu na macho yaliyofifia, kuanza kuona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Leo hali hiyo ina jina la Bonnet. Sehemu ya ubongo inayozoea kupokea picha, ikikosa picha, hutunga zake. Mara nyingi ni nyuso, watoto, maua, mapambo ya kujirudiarudia, na hazina sauti. Huja na kuondoka. Kuwasha taa, kupepesa, kuhamisha macho haraka kulia na kushoto, kunyanyuka alipoketi mtu, huzifukuza mara nyingi. Kama picha zinaongea, zinaamuru, au mzee ameanza kupotea njia na kusahau siku, hilo ni jambo jingine na daktari wa akili aitwe. Lakini mzee anayeona watoto kimya ukutani na kujua hawapo hana wazimu, hana jini.

Nalisisitiza hili kwa sababu sehemu za nchi yetu limegharimu roho. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka 50, yakawa ushahidi. Hebu mfikirie sasa bibi anayeishi peke yake, ambaye hamtambui anayemsalimu, anamtazama mtu kwa pembeni, na siku moja ameropoka kwamba anaona watu ambao wengine hawawaoni. Hajafanya kosa lolote. Ana ugonjwa wa retina. Wenyeviti wa vijiji na wahudumu wa afya wa jamii walipaswa kufundishwa jambo hili zamani.

Je, linatibika? Inategemea, na inategemea zaidi umewahi kiasi gani. Ukisema kwetu kwamba macho yamefifia, watu watano watakuambia ni mtoto wa jicho, utapasuliwa utaona. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi ya mbele, na kweli upasuaji huuondoa. Presha ya macho, yaani glakoma, hula kwa kawaida pembeni kwanza. Ugonjwa wa makula hula katikati, na lenzi mpya haiwezi kutengeneza retina iliyokufa. Miwani ya kusomea ya kwenye meza za Kariakoo itakuza kilichobaki, basi. Asali, maziwa ya mama na matone ya mganga huongeza vidonda tu. Na yule wa virutubisho anayekuambia chupa yake inarudisha makula anakuibia. Kuna mchanganyiko wa vitamini na madini uliothibitishwa na tafiti za Marekani, matokeo yake yakitangazwa mwaka 2001 na 2013, kwamba unapunguza kasi kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa wa uzee wa hatua ya kati. Kupunguza kasi, nasema, haurudishi kitu.

Aina ya ugonjwa huo wa uzee inayokimbia ni ile ambapo mishipa mibovu ya damu huota chini ya retina na kuvuja. Hii ndani ya wiki au miezi huacha kovu la kudumu, na hii ndiyo yenye dawa. Dalili yake kubwa ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Kipimo kipo nyumbani kwako: simama mbele ya dirisha lenye nondo, ziba jicho moja, tazama makutano ya nondo mbili, kisha badilisha jicho. Kama nondo zinapinda, zinakatika au kipande kimefutika, usisubiri mwisho wa mwezi. Kuziba jicho moja ndio msingi wa kipimo, maana jicho zima humfichia siri mwenzake hadi siku nalo litakapougua.

Dawa ni sindano ndani ya jicho. Najua msomaji amekunja uso. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa, na sindano nyembamba hupita kwenye weupe wa jicho kwa sekunde chache. Bevasizumabu, inayotumika sana kwa wasio na fedha nyingi, ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo mpana. Chupa moja ya saratani hugawanywa dozi ndogondogo za macho, bei ikashuka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Tatizo letu ni kurudi. Sindano moja haitoshi. Hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni, na mtaalamu wa retina yuko Dar, Moshi au Nairobi, si Namtumbo. Nauli ndiyo inayopofusha watu.

Kwa ambao kovu limeshakaa, kazi inayobaki ni ya kujifunza upya kutazama, na hapa ndipo tumelala kabisa. Mgonjwa anaambiwa "hakuna la kufanya" na kuonyeshwa mlango, kumbe la kufanya lipo tele. Mwambie afikirie uso wa mtu kuwa uso wa saa. Atazame saa sita juu ya kichwa, kisha saa tatu, saa tisa, saa kumi na mbili chini ya kidevu, mpaka apate upande ambao uso unajitokeza kuliko pengine. Hapo ndipo pa kutumia, kila siku, mpaka pawe mazoea. Kwenye kusoma, jicho litulie na karatasi ndiyo isogezwe. Mwanga utoke nyuma ya bega; kumkalisha mgeni wa namna hii akitazama mlango wenye jua ni kumfungia macho. Jikoni rangi zipingane: ugali kwenye sahani ya bluu, maharage kwenye sahani nyeupe, chai ya maziwa kwenye kikombe cheusi. Shangazi sasa anachambua mchele juu ya sinia jeusi, kiganja kwa kiganja, akipapasa. Anachelewa, lakini wali hauna mchanga.

Simu imekuwa mkombozi na mwizi. Mkombozi kwa sababu herufi zinakuzwa, sauti za kusoma Kiswahili zipo, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp umewarudisha wazee wengi kwenye mazungumzo ya ukoo. Mwizi kwa sababu ya namba ya siri. Asiyeona vitufe humpa mjukuu au wakala, na sote tunajua yanayofuata. Noti nazo: ya 10,000 ni nyekundu na ya 5,000 ni ya zambarau, ila makula ikifa rangi nazo hufifia, na noti chakavu za sokoni hufanana zote. Tofauti ya ukubwa ni ndogo mno kwa vidole vya mzee. Kenya, noti za mwaka 2019 zimewekewa alama za kupapasa. Kuhusu usafiri nitasema jambo litakalowaudhi wapenda usasa: kondakta anayepiga kelele "Mbagala, Mbagala, Rangi Tatu!" anamsaidia mtu huyu kuliko basi la kisasa lililonyamaza huku namba yake ikimeta juu ya kioo.

Watu hawa wanaweza mengi. Marla Runyan wa Marekani aligunduliwa na ugonjwa wa Stargardt akiwa na miaka 9. Mwaka 2000 alikimbia fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Sydney akawa wa nane, na mwaka 2002 akawa wa nne kwenye marathoni ya New York, mbio alizoshinda Mkenya Joyce Chepchumba. Kukimbia hakuhitaji makula. Kusoma namba kifuani mwa mpinzani ndiko kunakoihitaji. Ila kuna moja nisilolipamba: kuendesha gari au bodaboda kumekwisha. Kwa kuwa uoni wa pembeni upo, dereva hujihisi yuko salama, na mtoto anayevuka katikati ya barabara ndiye anayefutika. Ndugu zake wakimhurumia hapo, wamhurumie na huyo mtoto.

Linabaki suala la serikali. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mwenye uoni hafifu, na Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wake maandishi makubwa. Kila mwaka idadi yao inayotangazwa ni kubwa kuliko ya wasioona. Kwa hiyo serikali inajua wapo. Lakini hao hao wakishamaliza shule, wakaenda kuomba uthibitisho wa ulemavu, wanakutana na ofisa anayewatazama wakiingia mlangoni bila kushikwa mkono. Kipimo cha herufi ukutani nacho hakitoshi, maana mtu anaweza kuibahatisha herufi moja moja kwa jicho la pembeni na asiweze kusoma sentensi. Naomba Wizara ya Afya iwaagize wanaotoa uthibitisho huo waulize pia: unasoma nini, unatambua uso kutoka wapi, unahesabuje fedha? Na kila hospitali ya mkoa iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kufundisha kutazama kwa pembeni. Hahitaji mashine, anahitaji kiti, dirisha na muda.

Nawe msomaji, ukikutana na mtu anayekutazama sikioni, acha kumpima. Taja jina lako, mwambie umesimama upande gani, kisha mwamkie.